Vinundu vya Mlinzi Mzee

Kupe hujificha kwa akili. Hupenda nyuma ya sikio, kati ya vidole, kwapani na chini ya mkia, penye ngozi laini ambapo meno ya mbwa hayafiki kwa urahisi. Anayewatoa hatumii macho sana. Huacha vidole vitangulie, vikipita kinyume cha mlalo wa manyoya na kusimama kila vinapogusa kitu kigumu, ndipo macho yafuate kuthibitisha. Hapa Morogoro masika yanapokatika, majani yakiwa marefu na kupe wakiwa wengi, kazi hiyo hufanyika barazani jioni bila mtu kuizungumzia. Katika kupapasa huko, siku moja kidole hukuta kitu ambacho si kupe. Kimo chini ya ngozi. Hakina miguu. Ukikisukuma kinateleza kando, ukikiachia kinarudi mahali pake. Mbwa hageuki kutazama wala hanung'uniki, amelaza kidevu sakafuni na usingizi wake unaendelea. Aliyeshtuka ni mwenye kidole.

Mbwa wetu Tomi amezeeka, na mwili wake sasa una vinundu vya kila namna. Ubavuni ana uvimbe wa mafuta uliozidi upana wa kiganja, laini kama donge la unga wa chapati lililopumzishwa. Kifuani upo mwingine wa aina hiyo, mdogo zaidi. Pembeni ya kope imeota chunjua nyekundu ambayo hutoka damu akijikuna. Shingoni kuna kivimbe cha mviringo chenye kitundu cheusi katikati, na ndani yake mna uji mzito wa kijivu wenye harufu kali. Viwikoni ngozi imegeuka sugu, nene, haina tena manyoya, kwa miaka aliyolala juu ya saruji ya baraza akiwa ameelekea getini. Nikipitisha mkono kutoka kichwani hadi mkiani nasoma umri wake kwa namna ambayo mvi za mdomoni hazinipi. Mvi husema tu kwamba siku zimepita. Sugu za viwiko husema siku hizo alizipitisha wapi, na akifanya nini.

Kuwa na vinundu vya uzee ni bahati ambayo mbwa wengi wa nchi zetu hawaifikii. Utafiti uliofanyika Machakos, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba mbwa dume aliyezaliwa huko angeweza kutarajia kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4. Wanakufa kwa magari, kwa sumu, kwa kichaa, kwa minyoo na kuhara wakiwa watoto. Anayefika umri wa kuota uvimbe wa mafuta amewazika ndugu zake wote. Ndiyo maana, nadhani, hatukurithi maarifa ya kumtunza mbwa mzee: waliotutangulia hawakupata nafasi ya kuyakusanya. Mkono wenyewe walikuwa nao. Mfugaji yeyote wa kanda ya ziwa au wa umasaini hupapasa tezi iliyo chini ya sikio la ndama, na ikiwa imevimba anajua ndigana kali imeingia hata kabla ndama hajaacha kunyonya. Hakuna aliyemfundisha darasani. Kidole chake kimekuwa na elimu ya uvimbe tangu utotoni, ila elimu hiyo iliishia zizini. Mbwa aliyelala mlangoni mwa zizi hilohilo, aliyepambana na fisi usiku ili ndama yule aamke salama, hakuna aliyewahi kumpapasa.

Sababu moja ni kazi tuliyompa. Mageti ya miji yetu yameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ndani mna mbwa mkali, na mbwa mkali thamani yake ni kuogopwa. Tunataka mgeni asimame mbali naye, kisha sisi wenyewe tukajikuta tumesimama mbali naye pia. Anafungiwa bandani mchana, anafunguliwa usiku, ugali na mifupa vinasukumwa kwa ncha ya fimbo. Watu wa nyumba hiyo wanajua sauti yake kwa undani wa ajabu: huu ni mlio wa mtu anayepita tu, huu ni wa paka, huu ni wa mwizi, amkeni. Mwili wake hawaujui kabisa. Anaweza kubeba donge chini ya kwapa mwaka mzima na jambo likaonekana siku anapoanza kuchechemea. Hapo watu husema kwa mshangao kwamba limeota ghafla.

Sababu nyingine nimekua nayo Tanga, na nataka kuisema kwa heshima. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hii imekaa ndani ya mikono ya watu kwa kina kiasi kwamba wengi huurudisha mkono hata pasipo na sababu. Lakini mwalimu wa madrasa aliyetufundisha kuosha mara saba ndiye huyohuyo aliyetusimulia habari ya mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akapanda nacho mdomoni ili amnyweshe, na kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake. Ndiye pia aliyetueleza juu ya vijana wa Sura ya Al-Kahf, waliolala pangoni miaka 300 na 9 zaidi, na mbwa wao akiwa kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha. Nilipokuwa mdogo nilistaajabia miaka ile. Sasa namfikiria zaidi mbwa. Mafundisho hayo hayagombani. Mkono mkavu juu ya manyoya makavu hauhamishi najisi, na palipo na mate pana maji na udongo, au glavu za duka la dawa zinazouzwa kwa bei ya chini. Sheria ilitufundisha twahara ya mikono. Huruma haikukatazwa popote.

Basi mkono ukishafika, unakuta nini? Mara nyingi, katika mbwa mzee, unakuta mafuta: seli za mafuta zilizozaliana mahali pamoja, zikafanya tonge linaloteleza chini ya ngozi, lisilouma, linalokua polepole na lisilosafiri kwenda kokote. Mbwa wanene huyapata zaidi. Kile kivimbe chenye kitundu ni mfuko ulioziba, uliojaa magamba ya ngozi na mafuta yaliyokosa njia ya kutoka. Hapa ndipo vidole vya watu huwasha, kwa sababu kitu chenye mdomo huonekana kinaomba kukamuliwa. Kisikamuliwe. Mfuko ukipasukia ndani, uchafu ule humwagika chini ya ngozi, mwili unaupokea kwa hasira, na kilichokuwa kivimbe kimya kinageuka kidonda kitakachotoa usaha kwa wiki kadhaa. Nimeona pia watu wakifunga chunjua kwa uzi, wakichoma kwa chuma cha moto, wakipaka oili chafu ya gari. Wanafanya hivyo kwa nia ya kusaidia. Mbwa huvumilia mengi kwa sababu anayemuumiza ndiye anayempenda, na uvumilivu huo unanisumbua kuliko ambavyo kilio kingenisumbua.

Nchi yetu ina vinundu vyake pia, ambavyo vitabu vya Ulaya huvitaja kwa mstari mmoja tu. Yupo nzi wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia anayetaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, yule ambaye kwa ajili yake bibi zetu walisisitiza kila nguo ipigwe pasi, hata ya ndani. Mbwa anayelala mchangani humpa funza wake nyumba. Kinaota kijipu chenye tundu, na ukikitazama kwa utulivu utaona tundu lile linapumua. Mafuta ya mgando yakipakwa juu yake, funza hukosa hewa na kujisogeza nje mwenyewe, ndipo anapokamuliwa taratibu akiwa mzima. Lipo na jipu la kawaida, lililotokana na ugomvi wa usiku na mbwa wa jirani: lina moto, linauma, limekuja kwa siku mbili. Kuvimba kwa haraka kwenye joto na maumivu mara nyingi ni habari ya jeraha. Kinachokuja kimya ndicho kinachodai subira na mashaka zaidi.

Maana kuna kimoja kinachovaa nguo za vyote. Kinatokana na seli ziitwazo masti, zile zinazobeba histamini, kemikali ileile inayomvimbisha mtu aliyeumwa na nyuki. Zikigeuka saratani, na katika ngozi ya mbwa ndiyo saratani inayopatikana zaidi, huweza kuonekana kama uvimbe wa mafuta, au kama chunjua, au kama alama ya mbu. Leo kivimbe ni kikubwa, kesho kimesinyaa, keshokutwa kimefura tena na kuwa chekundu kwa sababu tu umekishikashika. Mwenye mbwa akiona kimesinyaa humshukuru Mungu na kusahau. Waswahili walionya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na hapa onyo lao ni la kweli mpaka kwenye herufi, maana hakuna kidole, hata cha daktari aliyezeeka kazini, kinachoweza kutenganisha kinundu hiki na kile cha mafuta kwa kugusa tu. Mkono unaweza kugundua. Kutambua ni kazi ya kitu kingine.

Kitu hicho ni kidogo mno kiasi kwamba naona huzuni watu wasipokijua. Ni sindano nyembamba ya kawaida. Daktari wa mifugo anaishika ngozi, anaiingiza sindano ndani ya uvimbe, anaichezesha mara chache, anaitoa, anapuliza kilichomo juu ya kioo, anakitandaza, anakipaka rangi na kukiweka chini ya hadubini. Hakuna dawa ya usingizi. Mbwa wengi hawatikisiki kuliko wanavyotikisika kwa chanjo. Ikiwa ni mafuta, kioo hubaki na utelezi usiokauka. Ikiwa ni zile seli mbaya, punje za zambarau hujaa ndani yake na kumwagika pembeni. Si kila mara sindano hutoa jibu. Baadhi ya vinundu havitoi seli za kutosha na hulazimu kukatwa kipande. Lakini madaktari wanaoshughulikia saratani za wanyama wamekuwa wakisisitiza jambo rahisi: uvimbe uliozidi sentimita 1, au uliokaa mwezi mzima, upigwe sindano. Usiusubiri uone utafanya nini. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko hapahapa mjini kwetu, chini ya Uluguru, na wakulima hushuka na mbuzi wao kwenda huko. Mbwa mzee anayepelekwa kwa ajili ya kivimbe huchekwa kidogo barabarani. Acha wacheke.

Hofu na uzembe hufanana kwa jambo moja, vyote viwili hukataa kutazama. Mtu mwenye hofu akigusa uvimbe huondoa mkono haraka na kujiambia kwamba asichokijua hakitamdhuru. Nawafikiria mama zetu waliobeba donge ndani ya ziwa kwa miaka, wakilifunika kwa khanga, wakaenda hospitali siku ziwa lilipopasuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunawaambia wakishakufa, badala ya kujiuliza ni kitu gani katika maneno yetu kiliwafanya waone aibu. Mbwa hana aibu hiyo. Jike aliyevimba kwenye mstari wa chuchu hulala chali juani na tumbo lake wazi, na kila apitaye anaona. Uvimbe wa matiti ya mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi ni wa kawaida sana, karibu nusu yake huwa mbaya, na aliyefungwa kizazi mapema, kabla ya joto la kwanza, huupata kwa nadra. Yote haya yapo wazi tumboni mwake kwa miezi mingi. Kilichofichwa ni uangalifu wetu.

Vipo vinundu ambavyo hata si vya mbwa anayevibeba. Kwenye mbwa wanaorandaranda sokoni na kwenye majalala utaona dume au jike anayetokwa damu sehemu za siri kutokana na nyama iliyoota pale, yenye sura ya koliflawa. Hiyo ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Seli zenyewe ndizo zinazohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, hakuna kirusi katikati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya sampuli kutoka nchi zaidi ya 40, ulikadiria kwamba seli zote hizo ni uzao wa mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa huyo alikufa kabla mji wowote wa pwani yetu haujajengwa, lakini sehemu ya mwili wake bado inaishi, imevuka bahari pamoja na mabaharia na wafanyabiashara, na iko leo nyuma ya soko fulani ikinusanusa maganda ya ndizi. Kila nikilifikiria jambo hilo nahisi kizunguzungu. Tunasema kufa kufaana, na hapa kipo kitu kilichokataa kufa na kisichomfaa yeyote. Ila nacho kina dawa. Sindano za vinkristini, mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, huimaliza saratani hii katika mbwa wengi. Dawa hiyo hutoka kwenye ua dogo la asili ya Madagaska, lenye petali tano za waridi au nyeupe, linaloota katika makopo ya rangi na pembeni ya ukuta wa nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa. Watoto wenye saratani ya damu hutibiwa kwa dawa hiyohiyo. Mtu humwagilia ua hilo kila jioni kwa sababu linapendeza, na mbwa wa mtaani hujipitia kando yake.

Tomi vinundu vyake vilipigwa sindano. Vya ubavuni na kifuani ni mafuta, na tumeviacha. Nimejifunza kwamba kuacha nako ni tiba, ikiwa umejua kwanza unachokiacha. Moyo wa mbwa mzee huibeba dawa ya usingizi kwa taabu kuliko wa kijana, na kumkata ili ngozi yake ipendeze machoni mwangu kungekuwa kumtibu mimi. Uvimbe wa mafuta ukikua kwapani hadi ukamzuia kutembea, hapo hesabu hubadilika. Umri peke yake haumzuii mbwa kufanyiwa upasuaji, vinavyomzuia ni moyo, figo na ini, na hivyo hupimwa. Kwa hiyo tuna daftari la mistari ambamo mmechorwa umbo la mbwa, upande wa kulia na wa kushoto, na kila kinundu kimewekewa alama, tarehe na kipimo cha rula. Kichoro hicho hakina uzuri wowote. Lakini kinazuia ule udanganyifu wa macho yanayoona kila siku, ambayo hayaoni kukua.

Swali linalonikalia usiku ni la mamlaka. Mbwa huyu hakuombwa ridhaa alipofungwa mnyororo akiwa mtoto, wala hataombwa siku daktari akisema kimoja ni kibaya na kinataka kukatwa pamoja na nyama nzima inayokizunguka, sentimita 2 au 3 kila upande. Nitaamua mimi. Kuna wanaosema mbwa ni mbwa, pesa hiyo ingelipa ada ya mtoto, na siwezi kuwadharau, kwa sababu katika nyumba nyingi ni kweli, shilingi ni ileile. Lakini nakataa pale wanapoongeza kwamba kazi yake imekwisha. Huyu alilinda nyumba wakati sisi tumelala, na deni la usingizi ni zito kwa sababu aliyelala hakuwahi kuona likikusanyika. Kama fedha haipo, mkono upo. Maji safi yapo, gunia la kulalia ili viwiko visichubuke lipo, na lipo pia jambo la mwisho ambalo tunalikwepa, kumwita daktari amlaze bila maumivu siku ambapo kula, kusimama na kumtambua mtu wake vyote vimemshinda, badala ya kumpeleka porini na kumwacha huko.

Kila mwaka, tarehe 28 Septemba, dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Katika wilaya nyingi za Tanzania na Kenya chanjo hutolewa bure kwenye msimu huo, na watoto ndio wanaoleta mbwa. Huja nao kwa kamba za katani, kwa nyaya, kwa vipande vya khanga kuukuu, foleni ikazunguka ofisi ya kata au mti wa mwembe. Bwana mifugo huyashika mabega ya kila mbwa, akavuta ngozi, akachoma, akaandika kadi. Mkono wake tayari uko juu ya mwili. Ningependa, kwa wale wenye mvi mdomoni, aushushe kwanza kidogo: chini ya taya, kwapani, ubavuni, kwenye mstari wa chuchu, nyuma ya goti. Haichukui dakika moja. Akikuta kitu, amshike mtoto aliyeleta mbwa kidole chake, akiweke pale, amwambie kiguse hapa, ukikumbuke kilivyo, na kikizidi umlete tena.